Matege ya Mtoto kati ya Issenye na Birmingham

Bibi wa Issenye, wilayani Serengeti mkoani Mara, akitumiwa video ya mjukuu anayeanza kutembea huko Birmingham, Uingereza, hatazami sebule wala zulia. Anatazama miguu. Mtoto ana miezi 14, anakuja mbele akiyumba, mikono juu, nepi imejaa, na kati ya magoti yake ngumi ya mtu mzima inapita bila kugusa. "Mwanangu, huyu mtoto ana matege," bibi anasema. Kabla mama hajajibu, shangazi aliyesogea kwenye simu ameshatoa hukumu: ni pampasi hizo. Mwingine anasema alisimamishwa mapema. Wa tatu anataka kujua kama anakandwa kwa maji ya moto na kunyooshwa miguu kila jioni.

Familia nyingi zilizogawanyika kati ya Mara na ng'ambo zinayajua mazungumzo ya namna hii. Simu ikikatika, mama hubaki na maswali mawili mkononi. La kwanza ni kama miguu ile ina ugonjwa. La pili ni zito zaidi: amsikilize nani? Mama yake aliyelea watoto kadhaa Serengeti, au muuguzi wa Birmingham aliyemwachia kichupa cha matone na kijitabu?

Jibu la swali la kwanza ni jepesi kuliko hofu inayolizunguka. Watoto karibu wote huzaliwa na matege. Tumboni mwa mama miguu hukaa imekunjwa na kubanana, na mtoto hutoka na umbo hilohilo. Akiwa mgongoni au kitandani hakuna anayeliona. Akisimama, kila mtu analiona. Kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu ndipo matege yanapojitokeza zaidi, kwa sababu ndipo mtoto anapoanza kuubeba mwili wake mwenyewe. Kufikia miaka miwili, miguu ya wengi imenyooka. Kisha hutokea jambo linalowashtua wazazi upya: miguu inapita mstari na kupinda upande wa pili, magoti yanagusana na vifundo vinaachana. Hali hiyo hufika kileleni kwenye miaka mitatu au minne, halafu hurudi taratibu hadi mtoto wa miaka saba anakuwa na miguu inayokaribia ya mtu mzima. Salenius na Vankka, madaktari wa Finland, walichapisha mwaka 1975 vipimo vya mamia ya watoto vilivyoonyesha mzunguko huo hatua kwa hatua, na hadi leo madaktari wa mifupa ya watoto wanautumia kuwatuliza wazazi.

Kwa hiyo pampasi haina kosa. Humfanya mtoto atanue miguu anapotembea, basi, haipindi mfupa. Kusimama mapema pia kwa kawaida hakumpindi mtoto mwenye mifupa yenye afya, maana mtoto husimama mwili wake unapokuwa tayari. Kukanda kwa mikono laini kunampa mtoto raha na usingizi, na hapo faida yake inaishia. Kufunga miguu pamoja kwa kanga ili inyooke ndiko kwenye hatari, kwa sababu nyonga ya mtoto mchanga huhitaji nafasi ya kukunjika na kutanuka.

Na mgongo? Mama wa Kitanzania anayembeba mwanawe kwa kanga katika mitaa ya Uingereza huenda akaambiwa kwamba miguu iliyotanuliwa hivyo itapinda. Ukweli uko upande wake. Mtoto anayebebwa mgongoni, mapaja yakiukumbatia mwili wa mama, anaiweka nyonga mahali pake panapofaa. Mwaka 2015 madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi waliandika kwamba nyonga zilizoteguka utotoni, tatizo linalofahamika sana Ulaya, ni nadra mno kwa watoto wa huko, na wakauliza kama ubebaji wa mgongoni upendekezwe kwingine kama kinga. Hapa bibi anaweza kuzungumza kwa sauti ya juu.

Anaweza pia kuzungumza kwa sauti ya juu anaposema, "Usiogope, atanyooka." Ameona wengi wakinyooka. Ila sentensi hiyo ina sharti ambalo bibi hajawahi kulazimika kulitaja, kwa sababu Issenye sharti hilo hujitimiza lenyewe kila asubuhi. Sharti ni jua.

Issenye iko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, katika nchi ya Waisenye, Wanata na Waikoma, magharibi mwa Mugumu. Mtoto wa huko huwa nje kutwa. Yuko mgongoni mama akienda kuchota maji, yuko chini ya mti mama akipalilia, yuko uani akicheza na wenzake nguo moja mwilini. Ngozi yake inapata mwanga unaoiwezesha kutengeneza vitamini D, na vitamini hiyo ndiyo inayoufanya utumbo ufyonze kalsiamu ya chakula na kuifikisha kwenye mfupa. Mama hahitaji kujua lolote kuhusu mnyororo huo ili ufanye kazi.

Birmingham iko juu ya nyuzi 52 kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la Uingereza liko chini mno angani. Hata likiwaka, mionzi inayotengeneza vitamini D haifiki ardhini kwa kiasi cha kutosha. Mtoto aliyezaliwa Septemba hufikisha nusu mwaka bila kuipata. Akitoka nje, anatoka ndani ya kigari chenye kifuniko cha plastiki, amefunikwa hadi puani. Akikaa dirishani, kioo huruhusu mwanga na joto lakini huzuia mionzi yenyewe. Ngozi nyeusi, ambayo kwenye ikweta humkinga mwenyewe na jua kali, huhitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko ngozi nyeupe ili itengeneze kiasi kilekile. Na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Ikiwa mama mwenyewe amepitisha ujauzito katika baridi hiyo bila kumeza vidonge, mtoto anazaliwa akiba ikiwa ndogo.

Mfupa usiopata kalsiamu ya kutosha hubaki laini kama fito mbichi, na uzito wa mwili huupinda. Huo ni ugonjwa wa mifupa laini, na matege yake hayanyooki kwa kungoja.

Aliyeuunganisha ugonjwa huo na jua kwa uwazi alikuwa mtu aliyeishi katika nchi mbili. Theobald Palm, daktari mmisionari, alifanya kazi Niigata, Japani, na huko hakuwa akiuona ugonjwa wa mifupa laini. Aliporudi Uingereza na kufanya kazi Cumberland, alishangazwa na wingi wa watoto wenye miguu iliyopinda. Tofauti hiyo haikumtoka. Aliwaandikia wamisionari wenzake waliokuwa Uchina, India na kwingineko akiwauliza wanaona nini, akayalinganisha majibu yao, na mwaka 1890 akachapisha hoja kwamba kinachokosekana katika miji ya viwanda ya Uingereza, yenye moshi na vichochoro vya giza, ni mwanga wa jua. Alipendekeza watoto waanikwe juani. Wengi hawakumsikiliza. Ilichukua hadi 1919 ndipo Kurt Huldschinsky, daktari wa Berlin, alipowaponya watoto wagonjwa kwa taa za mionzi ya urujuanimno, na miaka michache baadaye vitamini D ikapata jina lake.

Palm hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na kumbukumbu ya watoto wa mahali pengine, kitu ambacho kila mama aliyetoka Issenye kwenda Ulaya anacho.

Birmingham yenyewe imeupitia ugonjwa huu si zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu watoto wa chini ya miaka mitano katika eneo la West Midlands, ambamo jiji hilo limo, waliougua kwa kukosa vitamini D. Kwa watoto wote kwa ujumla walikuwa 7.5 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Kwa watoto wenye asili ya Asia ya Kusini walikuwa 38. Kwa watoto weusi, wenye asili ya Afrika na Karibiani, walikuwa 95. Waliougua hawakuwa na miguu iliyopinda tu. Ukosefu wa vitamini hiyo unaweza kuishusha kalsiamu ya damu hadi mtoto mchanga akashikwa na degedege, na mzazi aliyetoka nchi ya malaria akawaza jambo lingine kabisa.

Kabla ya utafiti huo kuchapishwa, jiji lilikuwa limeshaanza kuchukua hatua. Kuanzia mwaka 2005, mamlaka ya afya ya katikati ya Birmingham iliamua kugawa vitamini D kwa wanawake wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wote wa eneo lake, bila kubagua rangi wala kipato. Miaka michache baadaye idadi ya wagonjwa ilikuwa imeshuka kutoka 120 hadi 49 kwa kila 100,000, ingawa ni sehemu ndogo tu ya familia zilizokuwa zikichukua matone hayo mara kwa mara. Ni dawa ya bei ndogo, tone moja au machache kwa siku, na ilipunguza ugonjwa kwa zaidi ya nusu.

Sehemu ndogo ya familia: hapo ndipo kwenye uchungu wa jambo lenyewe. Mama aliyekulia Issenye anayo sababu nzuri ya kukiacha kichupa kabatini. Yeye na ndugu zake walikua bila matone hayo. Kliniki ya nyumbani humpa mtoto vitamini A kila miezi sita kuanzia anapofikisha miezi sita, inaandikwa kwenye kadi, imekwisha. Hakuna anayempa mtoto mzima dawa kila siku. Anapompigia mama yake kumuuliza, anajibiwa kwamba mtoto anayenyonya vizuri hahitaji kingine. Jibu hilo ni la kweli mahali lilipotolewa. Kwenye simu, ushauri wa bibi unafika Birmingham wote, lakini jua lililokuwa ndani yake linabaki Issenye.

Mwongozo wa afya wa Uingereza uko wazi. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama apewe maikrogramu 8.5 hadi 10 za vitamini D kila siku tangu kuzaliwa, na kuanzia mwaka mmoja hadi minne apewe maikrogramu 10. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku hahitaji, kwa kuwa maziwa hayo yameongezewa. Mama mjamzito au anayenyonyesha naye ameze maikrogramu 10. Marekani, chama cha madaktari wa watoto kimependekeza maikrogramu 10 kwa watoto wachanga tangu 2008. Sweden hugawa matone bure hadi miaka miwili, na watoto wenye ngozi nyeusi huendelea nayo zaidi. Kuzidisha pia kuna madhara, kwa hiyo matone ya kliniki hayachanganywi na mafuta ya samaki na vidonge vya dukani kwa matumaini kwamba mifupa itakomaa haraka.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kuigeuza habari hii kuwa hadithi ya Afrika yenye jua na Ulaya yenye giza. Jua pekee halitoshi, na Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Nairobi iko karibu na ikweta kama Issenye, lakini madaktari wameukuta ugonjwa wa mifupa laini kwa watoto wa mitaa ya mabanda, wanaoshinda ndani ya chumba kimoja chenye giza wakati mama yuko kibaruani. Nigeria, utafiti uliochapishwa 1999 ulionyesha kwamba watoto wanaocheza juani kutwa waliweza kuugua kwa sababu chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo mno, na walipona vizuri walipopewa kalsiamu.

Hilo linaingia moja kwa moja jikoni Issenye. Uji wa ulezi, ambao watoto wa Mara wamekuzwa nao kwa vizazi, una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingine zinazoliwa huko: zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100 za ulezi. Mahindi yana sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Dagaa wa Musoma, anayeliwa mzima na mifupa yake, ni hazina nyingine. Akikaushwa na kusagwa, kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto kinatosha kubadilisha mlo. Maziwa yapo kwa wenye ng'ombe. Kinachotia wasiwasi ni sembe nyeupe inayochukua nafasi ya ulezi katika vikombe vya watoto, huku ulezi wenyewe ukibebwa na wageni wa Krismasi kwenda Ulaya kama zawadi.

Kuna na maji. Ukanda wa kaskazini mwa Tanzania una floraidi nyingi katika maji ya baadhi ya visima na mito, na Mara inatajwa miongoni mwa mikoa hiyo pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga na Mwanza. Sehemu za Meru, kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai, zimejulikana kwa miaka mingi kwa meno ya kahawia na kwa watoto ambao miguu yao hupinda kadiri wanavyokua. Serikali iliweka kituo cha utafiti Ngurdoto kutafuta njia za kuiondoa floraidi hiyo, na mojawapo ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa vyanzo, iliwahi kuruhusu hadi 4. Kuchemsha hakuiondoi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive haraka yanaweza kuiongeza.

Kila kisima kina mwamba wake, na maji ya kijiji kimoja huweza kuwa salama huku ya jirani yakiwa na shida. Jibu linatoka maabara, na ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani ndipo pa kuanzia kuuliza. Kikundi cha wana-Issenye wa ng'ambo kinachochanga pesa za kuchimba kisima kina kila sababu ya kudai karatasi ya vipimo vya floraidi kabla pampu haijafungwa, kwa sababu maji hayo yatanywewa na watoto kwa miaka 20 ijayo.

Sasa swali la pili la mama: amsikilize nani? Dalili za kutofautisha matege ya kawaida na ya ugonjwa hazina uraia. Nyumba zote mbili, ya Issenye na ya Birmingham, zinaweza kuzitazama pamoja. Mtoto avuliwe nguo za chini, alazwe chali au asimame, vifundo viguse, kisha apigwe picha kwa mbele, simu ikiwa usawa wa magoti. Picha nyingine ipigwe kila baada ya miezi mitatu, vilevile. Bibi mwenye jicho lililozoea watoto na daktari mwenye mashine ya eksirei watakuwa wanaangalia kitu kimoja.

Matege yanayopungua picha kwa picha, sawa pande zote mbili, kwa mtoto anayekua na kukimbia bila maumivu, yaachwe. Yanayohitaji hospitali ni haya: yanayoongezeka baada ya miaka miwili, ya mguu mmoja tu, au yanayozidi sana upande mmoja, mtoto anayechechemea au kulia akitembea, mtoto mfupi kupita wenzake, vifundo vya mikono vilivyovimba, utosi unaochelewa kufunga, meno na hatua zinazochelewa kuja, na familia ambayo watu wazima wake pia wana miguu iliyopinda na kimo kifupi. Hapo daktari hupima damu na kupiga eksirei, na mifupa laini ikigunduliwa mapema, vitamini D na kalsiamu huinyoosha miguu ndani ya miezi, mara nyingi bila kisu.

Ugonjwa mmoja hauponi kwa vitamini yoyote. Unaitwa Blount, kwa jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1937. Sehemu ya ndani ya mfupa wa ugoko, chini kidogo ya goti, huacha kukua huku ya nje ikiendelea, na mguu unazidi kupinda. Huwapata zaidi watoto weusi, wale waliotembea mapema na wenye uzito mkubwa. Yaani mtoto mnene, mwepesi, anayesifiwa na kila mgeni. Chini ya miaka mitatu vyuma vya kuegemeza mguu huweza kusaidia. Baada ya hapo ni upasuaji, na ukifanyika kabla ya miaka minne uwezekano wa mguu kupinda tena ni mdogo.

Katika jambo hili nyumba mbili hazina nafasi sawa. Birmingham, mtoto huyo anapewa rufaa na kupasuliwa bila familia kulipa hospitalini. Issenye, njia inaanzia zahanati, inapita Mugumu, inakwenda Musoma na mara nyingi inaishia Bugando, Mwanza, ikiwa kila hatua ina nauli, chakula, na mama anayeacha shamba na watoto wengine. Wapo wanaopelekwa mbali zaidi, hospitali za CCBRT au MOI jijini Dar es Salaam, au Arusha, ambako The Plaster House imekuwa ikiwatunza kabla na baada ya upasuaji watoto wa familia zisizoweza kukaa mjini, wakiwemo wenye miguu iliyopindwa na floraidi. Familia inayosubiri mavuno ili ipate nauli inaweza kuivuka ile miaka minne bila kujua kwamba kulikuwa na mpaka.

Pesa zinazotoka Uingereza kwenda Mara kila mwisho wa mwezi zina majina yake: ada, mabati, msiba, mbolea. Mtoto wa ndugu mwenye mguu mmoja uliopinda na miaka miwili na nusu hayumo kwenye orodha, kwa kuwa yeye halii na hakuna aliyemwona kama mgonjwa. Nauli ya watu wawili hadi Mwanza na gharama ya picha moja ya eksirei ni pesa ambayo aliye ng'ambo anaweza kuitenga mwezi huu, akipiga simu sasa na kuomba atumiwe picha ya miguu ya huyo mtoto pia.